Tupeane uzoefu: namba za kwenye boksi la mziki na namna ya kuzipima kabla hujatoa hela

Fundi_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za kazi. Hela ya tumbaku ikishalipwa Urambo na Sikonge, na harusi zikianza huku kwetu, maduka yanajaa maboksi yaliyoandikwa "PMPO 12,000W". Watu wanachanga kikundi kizima, kwaya inachanga mwaka mzima, halafu wanabeba namba badala ya mziki. Naomba kila fundi aweke hapa kipimo anachokiamini, chenye hesabu, ambacho mnunuzi anaweza kukirudia mwenyewe. Majina ya kampuni tuyaache.

Naanza na kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Kikisema 220V 50Hz 60W, hiyo ndiyo nguvu inayoingia, na hakuna amplifaya inayotoa zaidi ya inachokula. Amplifaya kubwa za ukumbini huandikiwa wastani wa mziki wa kawaida, kwa hiyo zinaweza kuvuka kibandiko kwa muda mfupi. Kuvuka mara 200 haiwezekani. Angalia na fyuzi: ya ampea 1 kwenye volti 230 ni wati 230, basi.

PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, haina kanuni yoyote ya upimaji. Kila mwenye kiwanda anajipigia hesabu yake. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani wati za mfululizo, ikiwa na ohm zake (ukinzani wa spika) na kiwango cha mkwaruzo. Ujanja huu ni wa zamani: Marekani mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ililazimika kuweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani.

KazehSauti (Tabora)
Niongeze ya redio za gari, maana "50W x 4" imeandikwa kwenye karibu kila moja. Gari likiwa linawaka, betri inasoma volti 14.4. Bila saketi ya kupandisha volti, kilele hakiwezi kuzidi hiyo 14.4, ambayo kwa RMS ni volti 10.2. Zidisha 10.2 kwa 10.2, gawa kwa ohm 4: wati 26 kila mkondo, na hapo sauti iko ukingoni mwa kukwaruza. Kiuhalisia unapata 17 hadi 20. Hiyo redio inaweza kuwa nzuri tu, ila usiinunulie spika kwa kufuata hiyo 50.

Spika za bluetooth ni rahisi zaidi. Betri ya 3.7V 1200mAh ina wati-saa 4.4. Boksi likisema 100W na "saa 6 za mziki", hesabu inagoma: kwa saa 6 ni wastani wa wati 0.7. Sola nako vilevile. Betri ya 12V 7Ah ina wati-saa 84, ukiivuta wati 500 za kweli haifiki hata dakika 11. Na zile selo za 18650 zilizoandikwa 9900mAh ziache dukani, halisi nzuri kabisa huishia kama 3500.

bati_la_ujiji
Mimi nasema fungua kava. Kama muuzaji hataki ufungue, omba aiweke kwenye mizani, uzito unasema mengi kwa sababu transfoma na sumaku ni chuma.

Ndani anza na transfoma. Ya 12-0-12 (volti 12 kila upande) ya ampea 3 ni VA 72, yaani volti 24 mara ampea 3. Ukishanyoosha umeme unapata kama volti 16 kila upande, chip ya kukuza sauti kama TDA2030A inakula kama volti 3, inabaki 13 ya kilele. 13 × 13 ÷ 2 ÷ 4 = wati 21 kila upande kwa spika ya ohm 4. Sabufa nyingi za mezani zinaishia hapo, hata kama usoni kuna taa tatu na maandishi ya elfu tano. Chip ya TDA7294 inaandikwa 100W, lakini kwa volti 35 chanya na hasi na spika ya ohm 8 tegemea 70, na iwe na bati la kupozea la kweli. Bati jembamba kama mfuniko wa sufuria litaifanya ijizime baada ya nyimbo mbili tatu, halafu mtu analaumu umeme.

Bodi za transista za C5200 na A1943 nazo zitazameni sana. Jozi moja hesabu wati 70 hadi 100. Transista halisi inahimili volti 230 na ampea 15, feki zimejaa sokoni na zinaungua siku ya kwanza ukifungua besi. Ukinunua nyingi toa moja sadaka, ipasue kwa koleo: kipande cha silikoni cha halisi kinakaribia milimita 5 kila upande, cha feki mara nyingi ni nusu yake. Bodi mpya iwashe kwanza kupitia balbu ya wati 60 au 100, ile ya nyuzi, iliyounganishwa kwa mfululizo. Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Ikibaki inawaka kali, zima, kuna shoti.

Kwenye spika, toa ile kofia ya plastiki nyuma ya sumaku. Mara nyingi kofia ni pana kama sahani na sumaku ndani ni kama kikombe. Kisha chungulia kwenye dirisha la fremu, chini ya kile kitambaa cha njano chenye mikunjo, utaona shingo ya koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma karatasi ya spika. Ya milimita 25 kwenye spika ya inchi 12 ni ya wati 30 hivi za mfululizo, hata iandikwe 1000W. Koili ya 50 ndiyo ya kufanyia kazi. Na fuata waya wa kila twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) kwa kidole. Kuna kabati zina twita tatu usoni, mbili ni urembo, hazina waya.

mdau_Isevya
Wakuu, nina swali. Wati 21 dhidi ya 42, tofauti inasikika kiasi gani?

KazehSauti (Tabora)
Desibeli 3, mkuu. Unaisikia, lakini si mara mbili. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana spika yenye ufanisi wa desibeli 95 inaishinda ya 88 hata ukiipa wati chache.

Fundi_Mwanga (Kigoma)
Sasa waya, maana hapa ndipo wenye hela wanapigwa. Kilicho muhimu ni unene, urefu na aina ya madini. Kabati la ohm 4 likiwa mita 30 kutoka kwenye amplifaya, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 kwenda na kurudi una ohm 1.4, na robo ya nguvu inaishia kupasha waya joto. Wa 2.5 una ohm 0.4, unapoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Huo waya wa nyumba wa 2.5 ndio wa kununua. Waya wa bei ya ng'ombe, unaosifiwa kuwa "hauna oksijeni" au kwamba "unakomaa" baada ya saa 200, hauna cha kuongeza juu ya hapo. Karatasi ya spika mpya hulegea kidogo, shaba haikomai.

Jihadharini na alumini iliyopakwa shaba. Kwangua unyuzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ndiyo yenyewe. Ukinunua 2.5 ya namna hiyo, hesabu kama 1.6.

Dhahabu kwenye jeki ina faida moja, haishiki kutu, na kwa unyevu wa ziwani hilo si dogo. Lakini shaba inapitisha umeme vizuri kuliko dhahabu. Kwa HDMI, picha na sauti vikishafika bila kukatika, waya wa bei kubwa hauongezi kitu.

KazehSauti (Tabora)
Na muuzaji akisema "sikiliza mwenyewe", kubali, ila kwa masharti. Chenye sauti kubwa kidogo tu sikio hukiita kizuri. Pigeni mlio wa 200Hz kutoka kwenye simu, mita ya kupimia volti iwe kwenye AC juu ya vituo vya spika, msawazishe mpaka tofauti isizidi 1 kwa 100: kimoja 2.00V, kingine 2.02 mwisho. Mtu mwingine abadilishe kwa kurusha shilingi, anayesikiliza asione. Mara 16. Ukipatia 12 kuna kitu, maana kubahatisha kufika hapo ni chini ya mara 4 katika 100.

Watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio la namna hii mwaka 2007 kwenye jarida la Audio Engineering Society, wakilinganisha sauti ya kiwango cha juu na ileile iliyopitishwa kwenye kiwango cha CD. Majaribio 554, yaliyopatiwa 276. Nusu kwa nusu.

mdau_Isevya
Na kupima RMS bila kuchoma spika? Rezista kubwa huku hazipatikani.

bati_la_ujiji
Chukua hita tatu za kuchemshia maji za wati 2000, zisichomekwe ukutani. Kila moja ina ohm 26.5 (230 × 230 ÷ 2000). Ziunganishe sambamba unapata 8.8. Zizamishe kwenye ndoo ya maji. Piga mlio wa 60Hz, ongeza sauti taratibu, mita ya AC ikiwa juu ya hita. Volti zikiacha kupanda ingawa unaongeza, rudisha kidogo, soma. Ukipata 18, ni 18 × 18 ÷ 8.8, wati 37. Ishike hapo dakika tano huku mkono uko karibu na bati la kupozea, na uangalie kama volti zinashuka.