Flashi nyekundu

Kikundi: WATOTO NA WAJUKUU WA BI ZUHURA

Alkhamisi

[1:14 usiku] Ami Khamis: Asalaam aleikum watu wa nyumba. Kiboksi cha TV cha Bibi kimegoma. Kila nikiwasha kinaleta maandishi eti nafasi imejaa. YouTube haifunguki, inataka isasishwe, nikiisasisha inakataa. Bibi kakaa mbele ya TV nyeusi kama anayesubiri meli Mkoani.

[1:16] Shangazi Time: Waaleikum salaam. Kimejaa nini, kwani kinakula?

[1:17] Haji: Waaleikum salaam. Shikamoo ami, shikamoo shangazi. Kile kina GB 8 tu, na mfumo wenyewe ushachukua sehemu kubwa. Programu zinagombania kilichobaki. Hebu ami ingia Mipangilio, kisha Hifadhi, unambie pamebaki ngapi.

[1:21] Ami Khamis: Marahaba. MB 212.

[1:21] Haji: Basi hapo hata kupumua hakiwezi. Nani katia magemu?

[1:22] Ami Khamis: Watoto wa Nassra walikuwa huku Wete likizo nzima.

[1:22] Nassra: Msiwasingizie wanangu. Walitia magemu mawili.

[1:25] Ami Khamis: Kumi na moja, Nassra. Nimeyahesabu. Moja la kulisha samaki.

[1:25] Nassra: 🙈

[1:27] Haji: Yafute yote ami. Halafu ingia kwenye programu moja moja zile kubwa, utaona "futa akiba". Akiba, si data. Ukifuta data itakutoa kwenye akaunti, na lile neno la siri hakuna anayelikumbuka humu.

[1:28] Shangazi Time: Mie nalikumbuka.

[1:28] Haji: Usiliandike humu shangazi

[1:44] Ami Khamis: Nimefuta. Sasa pana GB 1.3 na YouTube imefunguka, alhamdulillah. Lakini Bibi anataka na ile programu ya mawaidha, na ya TV za Oman, na mie nataka ya mpira. Wiki haitopita kitajaa tena. Huku nyuma naona tundu la USB. Na kwenye mtoto wa kabati nimekuta flashi ya GB 64. Nikiichomeka haiongezi nafasi?

[1:51] Haji: Inaongeza ami, ila njia ni mbili na hazifanani hata kidogo. Njia ya kwanza, flashi inabaki kuwa flashi. Unachomeka, unatazama video zilizomo, unachomoa unakwenda zako. Hiyo haikupi nafasi ya programu hata chembe. Njia ya pili, kiboksi kinaichukua flashi na kuifanya sehemu ya tumbo lake. Android, yaani mfumo unaoendesha kiboksi, inaweza hivyo tangu toleo la 6, mwaka 2015. Kinafuta kila kilichomo, kisha kinaifunga kwa ufunguo ambao kinao chenyewe tu. Baada ya hapo ukiipeleka kwenye kompyuta haisomeki. Itakwambia hii haina kitu, tuifomati?

[1:52] Shangazi Time: Yaani imeolewa.

[1:52] Haji: 😂😂 Imeolewa shangazi. Na haitoki bila ya ruhusa.

[1:53] Shangazi Time: Na ikitoka?

[1:53] Haji: Programu zote zilizowekwa ndani yake hazifanyi kazi mpaka irudi.

[1:54] Shangazi Time: Hapana kukaa eda?

[1:54] Nassra: Shangazi jamani 😂

[1:55] Ami Khamis: Mie nshafika huko. Kimeuliza niitumie kama hifadhi ya kifaa.

[1:55] Salma: Ami flashi gani hiyo

[1:55] Salma: Nyekundu? Ina uzi wa kijani?

[1:55] Salma: AMI NGOJA USIBONYEZE

[1:56] Salma: AMI

[1:58] Ami Khamis: Ndiyo, ina uzi wa kijani. Imefika asilimia 40.

[1:58] Salma: Hiyo ni harusi yangu

[1:58] Salma: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:03)

[1:59] Ami Khamis: Niichomoe?

[1:59] Haji: USICHOMOE. Hutorudisha kitu, utaiharibu na flashi yenyewe. Iache imalize.

[2:03] Shangazi Time: Salma mwanangu, si uliahidi kunitolea nakala mwaka jana? Na mwaka juzi? Kila nikiuliza, "kesho shangazi". Ungenitolea, leo ingekuwepo.

[2:04] Salma: Shangazi si leo tafadhali

[2:10] Ami Khamis: Wallahi mwanangu nisamehe. Hakikuandikwa kitu juu yake. Nilidhani ni ile ya hesabu za karafuu, na hizo nshazinakili kwenye daftari.

[2:26] Khalfan (Maskati): Asalaam aleikum. Ndiyo kwanza natoka kazini, naona jumbe 40, roho ikanipasuka nikadhani kuna msiba. Salma usilie. Harusi ninayo. Nilipokuja Idi niliinakili kwenye kompyuta yangu, ile flashi iko vilevile na uzi wake nikairudisha kabatini.

[2:26] Salma: Wallahi?

[2:27] Khalfan: Wallahi. Faili moja, GB 6.8. Naitazama hapa. Mtu wa kwanza anayeonekana ni Ami Khamis anabishana na mpiga picha.

[2:28] Ami Khamis: Alikuwa anasimama mbele ya wazee.

[2:31] Nassra: Si uitume hapa hapa WhatsApp?

[2:32] Haji: Mwisho wa WhatsApp ni GB 2 kwa faili.

[2:33] Khalfan: Jirani yangu anakuja Unguja Jumamosi, nampa kwenye flashi. Salma ataipokea, ataituma Wete kwa boti.

[2:40] Ami Khamis: Kiboksi kimemaliza. Kimeandika kwamba flashi hii ni nzito, programu zinaweza kuchelewa kufunguka. Nikubali?

[2:43] Haji: Kubali, hapo tena hatuna la kufanya. Flashi za kawaida ndivyo zilivyo, hazikutengenezwa kwa mwendo huo. YouTube iache ndani ya kiboksi kwa sababu Bibi anaifungua kila siku, zilizobaki ndizo uzipeleke nje. Unaingia kwenye programu, unatafuta ilipohifadhiwa, unabadilisha. Nyengine zitakataa kuhama, ziache, ndivyo zilivyoandikwa.

[2:44] Nassra: Mie nimeona mtu anauza flashi za TB 2 kwa elfu 25 mtandaoni. Si tumnunulie Bibi moja tumalize?

[2:49] Haji: Nassra dada yangu, hiyo TB 2 iko kwenye karatasi tu. Ndani utakuta GB 32, au pungufu. Wameichezea ili ukiichomeka iseme TB 2. Unatia vitu, inapokea, inapokea, kumbe ikishajaa ile nafasi ya kweli vinavyofuata vinakwenda hewani. Utaliona jina la faili, ukilifungua hamna kitu. Kuna programu ya Windows inaitwa H2testw, inaijaza flashi mpaka ukingoni halafu inasoma kila kilichoandikwa kuona kama kipo. Mie kila flashi mpya naipitisha hapo kwanza, hata ya dukani yenye risiti.

[2:50] Nassra: Nilishaagiza mbili 😶

[2:50] Haji: Lo

[2:55] Ami Khamis: Na ile hadi diski yako kubwa uliyoiacha huku Haji? Ina GB 500.

[2:58] Haji: Ile ina sahani inayozunguka ami, inataka umeme mwingi kuliko flashi. Tundu la USB 2.0 linatoa nusu ampea. Ikikosa nguvu utaisikia inagonga tik, tik, tik, inawaka na kuzima. Na hapo nyumbani umeme wa kulipia kabla, Tukuza, ukiisha usiku kila kitu kinazimika ghafla. Diski inayozunguka haipendi hivyo, na flashi iliyoolewa nayo haipendi, lakini diski ndiyo inayokufa mwanzo.

[2:59] Khalfan: Nyinyi mna bahati mna tundu la ziada. Mie hapa nina Chromecast ya 2020, kiboksi cha Google, GB 8 vilevile, na tundu lake ni moja, hilo hilo la umeme. Ilibidi ninunue kigawanyio cha USB-C kinachopitisha umeme, na cha kwanza hakikupitisha.

[3:05] Shangazi Time: Bibi anatazama nini saa hizi?

[3:06] Ami Khamis: Mawaidha. Kalala.

Ijumaa

[8:12 mchana] Khalfan: Haji uko? Flashi mpya ya GB 32, tupu kabisa, inakataa faili la harusi. Inasema faili ni kubwa mno. Vipi GB 6.8 haiingii kwenye GB 32?

[8:20] Haji: Imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili. Hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Ungeweza kuifomati exFAT, mpangilio mpya zaidi, ikapokea, lakini kiboksi cha Bibi sina hakika nacho, na TV ile ya zamani ndiyo kabisa. Likate faili mafungu mawili.

[8:21] Khalfan: Nikate wapi?

[8:21] Salma: Popote ila usikate nikiingia ukumbini

[8:22] Shangazi Time: Usikate kwenye akdi.

[8:22] Nassra: Wala watoto wangu wakiimba

[8:23] Khalfan: Nitakata katikati basi. Mwenye lawama anilaumu mie.

[8:30] Ami Khamis: Nina suali. Hiyo flashi ikija nitaichomeka wapi? Tundu ni moja na keshaingia ile nyekundu. Nikiitoa, programu zinakufa.

[8:31] Shangazi Time: Ndiyo hayo sasa, tunaleta mke mwenza.

[8:33] Haji: 😂 Nitatafuta kigawanyio mjini ami. Flashi mbili hazina uzito, tundu litazibeba.

[8:34] Shangazi Time: Na lile tundu la ubavuni mwa TV ni la nini?

[8:41] Ami Khamis: Lipo. Limejaa vumbi.

[8:42] Haji: Shangazi umenifunga. TV yenyewe inacheza video za kwenye flashi, hazina haja ya kupita kwenye kiboksi.

[8:42] Shangazi Time: Mke mwenza nyumba mbali, ndiyo salama.

[8:45] Salma: Na safari hii ami andika jina juu yake. Kwa kalamu ile isiyofutika.

Jumatano

[2:10 usiku] Ami Khamis: Flashi imefika na boti ya asubuhi. Nimeandika HARUSI YA SALMA USIGUSE. Nimepuliza vumbi tunduni, nimechomeka, TV imeisoma. Watu wamejaa sebuleni mpaka barazani.

[2:11] Salma: Nirekodieni Bibi anavyotazama

[2:52] Ami Khamis: Bibi anauliza mbona kwenye video anainuka kwenda kucheza halafu TV inanyamaza.

[2:52] Khalfan: Hapo ndipo nilipokata. Fungua fungu la pili ami.

[2:53] Shangazi Time: Khalfan, ulikosa pahala pote pa kukata?

[2:55] Ami Khamis: Limefunguka. Yupo katikati, kanga kiunoni. Anatwambia tusogee tunamziba.