LAN (mtandao wa ndani) ya ofisi inasuasua lakini ping iko poa, tatizo liko wapi?

kijana_wa_seva:
Wakuu habari za jioni. Ofisini tuna kompyuta kama 40 na seva moja ya mafaili, zote kwenye swichi moja (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao). Mida ya kazi kukopi faili la mega 200 unasubiri mpaka unachoka, na ajabu ukipiga ping (kujaribu kama seva inajibu) inarudi chini ya milisekunde 1, hakuna pakiti inayopotea. Bosi anataka swichi mpya, mi naona ni kutupa hela kabla hatujajua ugonjwa. Nianzie wapi?

Fundi Kebo:
Mkuu usinunue kitu kwanza. Ping ni vipakiti vidogo, kimoja kwa sekunde, vinapenya hata kwenye laini mbovu. Ingia kwenye swichi usome kaunta za poti ya seva, hasa makosa ya CRC (namba ya kuhakiki data). Kila fremu (furushi la data) ya Ethernet ina CRC ya biti 32 mwishoni, mpokeaji anapiga hesabu yake, isipolingana anaitupa kimya kimya bila kumwambia aliyetuma, TCP (itifaki inayohakikisha data inafika) ndo inakuja kushtuka baadaye inatuma upya na kupunguza mwendo, we huku unaona uzito tu.

kijana_wa_seva:
Nimecheki, CRC zinapanda kila nikisoma. Halafu poti ya swichi imewekwa 100 ful kwa mkono (Mbps 100, kutuma na kupokea kwa pamoja), kadi ya seva iko oto (inajadiliana yenyewe).

Fundi Kebo:
Basi umeshaupata! Swichi ukiilazimisha inaacha kujadiliana, seva inaijua spidi kwa kusikiliza signali lakini ful au hafu haina pa kujulia, kwa hiyo inaangukia hafu (kutuma na kupokea kwa zamu). Sasa swichi inatuma muda wowote, seva inadhani wamegongana, inakatisha fremu katikati, ndo hizo CRC zako. Trafiki ikiwa ndogo hawagongani sana, ikiongezeka ndo balaa. Weka oto pande zote mbili.

mama_swichi:
Naongezea, mdogo wangu. Ukishaweka oto, kama vifaa vyote ni vya giga (Mbps 1000) na bado inaganda kwenye 100, kagua kebo: giga inataka jozi zote 4 za waya, 100 inatumia 2 tu, konekta iliyokrimpiwa vibaya inaweza kukushusha bila kelele. Na tafadhali usisubiri watu walalamike, funga LibreNMS (programu ya kufuatilia mtandao) kwenye mashine yoyote ya zamani, inasoma kaunta kwa SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa hali yao) kila dakika 5, uiwekee alati CRC zikianza kupanda.

kijana_wa_seva:
Asanteni sana. Imepanda giga, CRC zimesimama. Dada, hiyo LibreNMS RAM ya giga 4 inatosha kwa swichi moja?

mama_swichi:
Inatosha kabisa, ila anza na poti ya seva na ya ruta.