Kila mafuriko tunasema "tabianchi". Na Bonde la Msimbazi je?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo nimelikalia kwa muda, leo nalitoa. Wa kunipiga mawe apige, wa kuniunga mkono aunge.

Nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni kwenye Mto Msimbazi. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na ukuta mmoja sebuleni ambao mama alikataa usipakwe rangi. Kila maji yalipoingia, yakishatoka alichukua kipande cha mkaa akachora mstari pale yalipofika. Mstari wa Desemba 2011 ulikuwa juu ya swichi ya taa. Wa 2014 ulikuwa usawa wa kitasa. Wa 2018 ukaangukia katikati. Ule wa 2011 sikuhitaji kuchorewa, maana usiku ule tulilala juu ya bati la jirani, watu kumi na moja na mbuzi mmoja, tukiangalia godoro letu linazunguka uani kama mtumbwi uliokosa mwenyewe. Jiji zima walikufa watu zaidi ya 40, na wengi wa walionusurika wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Sasa juzi kwenye kikao cha mtaa kiongozi mmoja akaulizwa kwa nini maji yanazidi. Akajibu kwa maneno mawili: mabadiliko ya tabianchi. Bibi mmoja nyuma akanyoosha mkono, akasema, "Mwanangu, nchi haina tabia. Wenye tabia ni watu." Ukumbi ukacheka, ajenda ikaendelea kwenye taka. Mimi bado niko palepale kwa yule bibi.

Msinielewe vibaya. Sikatai kwamba dunia inapata joto. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar nzima tukawa na mgao wa maji, na mwaka na nusu baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akasimama bungeni kutangaza vifo 155 vya mvua. Kiu na mafuriko vinapokezana namna hiyo, lazima kuna kitu.

Lakini bonde hili lina historia yake. Mpango wa jiji wa 1979 uliliandika kuwa eneo la hatari, lisijengwe. Sensa ya 1967 ilikuta Dar watu wasiofika laki tatu, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Katikati hapo nguzo za umeme zikashuka bondeni, mita zikafungwa, wagombea wakashuka na fulana, na hata karakana ya mwendokasi ikajengwa palepale Jangwani, ikawa inaogelea na mabasi yake. Aliyeweka saini kila hatua ni mtu, ana ofisi na ana muhuri. Tabianchi haina ofisi. Huwezi kwenda kuigongea mlango.

Swali langu: hili neno limetufumbua macho, au limekuwa pazia?

Fundi wa Goba

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini umejisahau mwenyewe. Nani alimlazimisha mama yako kupanga bondeni? Mstari wa kwanza ukutani ulitosha. Mtu anaona maji yamefika kwenye swichi, anachora, anarudisha godoro, anangoja mstari mwingine. Hiyo si tabianchi wala si serikali, ni ubishi.

Mtoa mada

Fundi, chumba kilikuwa elfu 15 kwa mwezi, na mama alikuwa anatembea kwa miguu kwenda Kariakoo kuuza mboga. Nitajie Goba ya mwaka 2011 chumba cha bei hiyo ambacho ungefika Kariakoo saa kumi na moja alfajiri bila nauli. Nangoja.

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Naomba niingie taratibu, maana naona mambo matatu yamewekwa chungu kimoja.

La kwanza, El Nino si mabadiliko ya tabianchi. El Nino ni joto la Bahari ya Pasifiki linalokuja na kuondoka, lilikuwepo kabla ya viwanda. Kwetu huku joto la Bahari ya Hindi nalo lina kauli kubwa: upande wa magharibi, yaani wetu, ukipata joto kuliko ule wa Indonesia, vuli inafura. 2019 ilikuwa hivyo, 2023 vilevile, na 2023 El Nino ikapanda juu yake.

La pili, joto la dunia linafanya nini hapo? Hewa ikipata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke unapanda kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo wingu lilelile linashuka na ndoo kubwa zaidi.

La tatu ndilo la mtoa mada, na hapa atapenda kunisikia. Baada ya mvua za masika 2024, wanasayansi wa World Weather Attribution walichunguza mafuriko ya Afrika Mashariki. Walikadiria kuwa joto la dunia liliongeza uzito wa mvua zile kwa asilimia 5 hivi, tena kwa tahadhari nyingi. Upangaji wa miji waliuweka kwenye kichwa cha taarifa yao. Ila kwa vuli ya 2023, kundi hilohilo lilisema mvua za Kenya, Somalia na Ethiopia huenda zilifikia mara mbili ya ambavyo zingekuwa bila joto hili. Msimu mmoja jibu ni dogo, msimu mwingine ni kubwa. Anayekupa jibu moja kwa mafuriko yote, kiongozi au mwanaharakati, mwulize anazungumzia mvua ipi.

Na yule bibi namheshimu, lakini Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang asubuhi na kuua watu zaidi ya 80. Wale walikuwa na tabia gani?

Wa Pangani

Mwalimu kanikumbusha kwetu. Mbele ya Ushongo kuna Maziwe. Wazee wetu wanakijua kisiwa kamili, chenye mivinje, kasa wanapanda kutaga, wavuvi wanalala huko na kupika. Kikatangazwa hifadhi mwaka 1975. Leo ukienda maji yakiwa yametoka unakuta fungu la mchanga mweupe, mzuri wa picha. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, unapita na ngalawa juu yake hujui kama chini yako kulikuwa na kisiwa. Mayai ya kasa wanaotaga pale inabidi yahamishiwe ufukweni Ushongo, yakiachwa yanaoza kwa chumvi.

Sasa sikilizeni maelezo. Mtalii akipelekwa pale anaambiwa bahari imepanda kwa sababu ya joto la dunia. Babu yangu akisikia anatema mate. Anasema mivinje ilikatwa kwa shoka, yeye anawajua waliokata, na mchanga ukakosa wa kuushika. Kisiwa kiliondoka miaka ya sabini mwishoni, kabla hata hatujalisikia hilo neno la tabianchi.

Lakini nikimwambia, "Babu, basi tupande mivinje irudi," ananiangalia kama mjinga. Anasema bahari ya sasa si ile. Mwenyewe anasema! Kwa hiyo shoka lilianza, na sasa bahari hairudishi. Mimi sioni shida kushika yote mawili kwa mikono miwili.

Mzee wa Mbagala

Vijana mnajisumbua. Mvua huleta Mwenyezi Mungu, na akizuia ni yeye. 1997 na 98 mvua zilinyesha mpaka barabara ya kusini ikakatika, hakuna aliyesema tabianchi. Tulisoma dua, zikapita.

Mama Lishe, Tandale

Mzee wangu shikamoo. Mungu analeta mvua, sawa, lakini yale mataka yaliyoziba Mto Ng'ombe hapa nyuma yangu hakuyaleta Mungu. Nayaona yanavyotupwa usiku. Tena nikiri, mvua ikinyesha na mimi nimewahi kusukumia kiroba changu mtoni, kwa sababu gari la taka lilikuwa halijapita wiki ya tatu na wateja wananusa.

Mimi nilitaka kusema la mkaa. Kila nikiwasha redio naambiwa mkaa wangu unamaliza misitu na kuleta ukame, nihamie gesi. Nimemsikia Rais Samia na ule mkutano wa Paris wa Mei 2024, nikajua pia kuna lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Jambo jema. Macho yananiwasha miaka kumi na minne kwa moshi, nani hataki? Lakini mkaa nanunua kwa kopo. Leo nina elfu mbili, nanunua wa elfu mbili, napika, nauza, kesho tena. Mtungi mdogo ukiisha saa tano wali haujaiva, hauniuzii gesi ya elfu mbili. Unataka zaidi ya elfu ishirini papo hapo. Aniletee gesi ya kopo uone kama nitagusa mkaa.

Kwa hiyo mtoa mada, pazia lipo, lakini ukilifunua usije ukanikuta mimi peke yangu nyuma yake.

Kijana wa Tanga

Mama kaua. Mnabishana sufuria ya mama lishe wakati Afrika nzima mchango wetu kwenye gesi chafu ni asilimia 4 tu hivi. Walioanza kuchoma makaa ya mawe miaka mia mbili iliyopita ndio hao waliopitisha azimio kwenye Bunge la Ulaya Septemba 2022 kulipinga bomba letu la mafuta ghafi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, ajira za watu, wao wanasema tusimame. Wao wasimame kwanza!

Mwalimu wa Jiografia, Morogoro

Kijana, asilimia 4 ni kweli na dhuluma ni ya kweli. Ndiyo maana kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 ukakubaliwa mfuko wa hasara na madhara. Lakini hebu tuseme pesa yote imekuja kesho. Inapita mikono ya nani kabla haijafika Kigogo? Hapo unarudi kwenye swali la mtoa mada, umezunguka tu kwa njia ya Hoima.

Wa Huruma, Nairobi

Majirani, mambo yenu ni yetu. Oktoba 2023 Rais Ruto alituambia ile El Nino kubwa iliyotabiriwa haitakuja. Novemba tukaanza kuhesabu maiti. Masika ya 2024 ikawa mbaya zaidi, Mai Mahiu maji yakashuka usiku wa manane, nchi nzima karibu watu 300 walienda.

Halafu ndiyo ikaja tabianchi, lakini ikaja na tingatinga. Amri ilikuwa kila aliye ndani ya mita 30 za mto atoke, mitaa ya mabanda ya Mathare, Mukuru, kote. Tukaahidiwa shilingi elfu kumi za kuhamia. Kumbuka Mathare watu walikuwa bado wanatafuta jamaa zao kwenye matope. Nilisimama ng'ambo nikaona mama anavuta mabati yake mwenyewe kabla mashine haijayakunja, ili angalau ayauze. Na kuna majengo ya ghorofa yako karibu na mto kushinda yake, hayo hayakuguswa siku hiyo. Sasa hiyo mita 30 inapimwa na futi gani?

Kwa hiyo mimi nasema neno si pazia. Kwetu lilikuwa rungu.

Fundi wa Goba

Narudi kwa mtoa mada, nyumba ya elfu 15 sina. Kwa hilo umenishinda. Ila sasa bonde lina mradi, Benki ya Dunia imekopesha dola milioni 200 tangu 2022, watu wanalipwa waondoke, daraja la Jangwani linainuliwa, mto unatanuliwa na kutakuwa na bustani. Si ndiyo dawa? Au mkilipwa bado mtalalamika?

Mtoa mada

Mradi ni mzuri, sina kinyongo nao. Maji yakiwa na njia hayaingii sebuleni, hilo halihitaji shahada. Na Wa Huruma, umenipa neno ambalo sikuwa nalo, nakubali. Mwalimu, la Katesh pia limeniingia. Yule bibi nitamwambia nikimwona, najua atakuwa na jibu.

Lakini Fundi, umesema watu wanalipwa. Anayethaminiwa ni mwenye nyumba: ukuta, bati, mti wa mwembe uani. Mwenye nyumba wetu alithaminiwa, akanunua kiwanja Chanika, Mungu ambariki. Mama yangu alikaa pale miaka kumi na tisa. Alipoteza magodoro manne, cherehani, vyeti vyangu vya msingi na biashara mara tatu. Kwenye fomu ya tathmini hakuna mstari wake, kwa sababu hakuwa na ukuta. Alikuwa na alama tu juu ya ukuta wa mtu.

Hivi sasa amepanga Vingunguti. Nilipokwenda Jumapili nilitazama nje ya dirisha la chumba kipya, nikauliza ule mfereji wa nyuma unaelekea wapi. Akaniambia, "Msimbazi."

Kama kuna mpangaji humu aliyewahi kulipwa chochote alipoondoshwa bondeni, aje aseme alipitia wapi. Nauliza kwa faida.