Warumi 8 kwa watoto wakubwa (kikundi cha walimu, Malindi)

*Dama:* Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili ni Warumi 8:14–17. Najua wataniuliza, Mwana wa Mungu si mmoja? Sisi tunafanywaje wana?

*Mwalimu Karisa:* Amina. Neno la Paulo la kufanywa wana, kwa Kigiriki, ni huiothesia, yaani kuasiliwa. Liko mara 5: Rum 8:15, 8:23, 9:4, Gal 4:5 na Efe 1:5. Ni neno la sheria. Yesu ni Mwana kwa asili, sisi tunaasiliwa ndani yake.

*Mama Sidi:* Dama mwanangu, hapo kwenye kuasiliwa usipakimbie. Watoto wengi hapa wanalelewa na shangazi au nyanya, na kulelewa si kuasiliwa. Wa kulelewa aweza kurudishwa kwao. Wa kuasiliwa ana amri ya mahakama, kaandikwa kwenye rejista, na kisheria ni kama kazaliwa mle nyumbani. Mtu akiomba huku anaogopa kurudishwa, bado anajiona mgeni. Ndiyo ile roho ya utumwa ya mstari wa 15.

*Mwalimu Karisa:* Kabisa. Kwa sheria ya Roma ya kale, ili mtoto aasiliwe, baba mzazi alimuuza mwanawe mara 3, mauzo ya ishara tu, kwa mizani na mashahidi 5, ndipo mamlaka yake yakakatika. Ukilijua hilo, mstari wa 16 unakaa vizuri: Roho mwenyewe anashuhudia.

*Dama:* Na wasichana?

*Mwalimu Karisa:* Kiswahili kimetusaidia, "wana" ni wote. Kigiriki mstari wa 14 ni wana wa kiume, wa 16 ni watoto. Wasomee pia 2 Kor 6:18, wa kiume na wa kike wametajwa.

*Mama Sidi:* Tafadhali usianze na "Mungu ni kama baba yako". Kuna mtoto akisikia baba anafungua mlango jioni, anajificha. Huyo umeshampoteza. Anza na Yesu Gethsemane, Marko 14:36, anavyosema "Aba". Baba tunamjua kwa huyu Mwana.

*Mwalimu Karisa:* Na usiwaambie Aba ni lugha ya watoto wachanga. Ni Kiaramu, hata watu wazima walimwita baba hivyo.

*Dama:* Nimeandika. Ila 8:23 inasema bado tunangojea kufanywa wana. Si tumeshafanywa?

*Mwalimu Karisa:* Endelea kusoma mstari huohuo: ukombozi wa mwili wetu. Amri imeshatoka, urithi wote hatujakabidhiwa. Wape dakika 10 hapo, hasa kama kuna aliyefiwa.