Leni ya kushoto penye ujenzi wa Autobahn: vioo vya pembeni VINAHESABIWA

Wakuu, hili jambo linakera na linahatarisha watu. Kwenye Autobahn (barabara kuu za mwendo kasi) za Ujerumani, barabara ikitengenezwa, leni ya kushoto hubanwa na kuwekewa alama: duara jeupe, ukingo mwekundu, mishale miwili na namba katikati. Namba hiyo ni upana wa juu wa gari linaloruhusiwa: mita 2, sehemu nyingine 2.1 au 2.2. Dereva anakumbuka kadi ya gari imeandikwa upana wa mita 1.79, anakanyaga mafuta. Kosa ndilo hilo!

Upana ulio kwenye kadi, kipengele namba 19, ni wa bodi tupu. Vioo havimo. Alama ya barabarani inataka upana halisi wa gari linalotembea, ncha ya kioo hadi ncha ya kioo. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane, yenye hiyo 1.79, ikiwa na vioo inafika kama 2.07. Gari la kawaida kabisa, na penye mita 2 halina ruhusa. Hizo SUV ndiyo usiseme. Kwa nini kadi isiandike namba zote mbili?

Halafu kuna wanaokunja vioo ili wapenye. Marufuku, na ni hatari tupu: humwoni tena aliye kulia kwako. Lori la kulia linaruhusiwa bodi ya mita 2.55, la majokofu 2.60, nalo vioo vyake viko nje ya hesabu hiyo. Likiyumba kidogo tu, kioo chako kimekwenda. Ukishtuka ukavuta usukani, unakula ukuta wa zege kushoto. Juu ya faini, unaweza kubebeshwa sehemu ya hasara hata kama lori ndilo lililovuka mstari.

Pimeni magari yenu! Egesha sakafu tambarare, vioo vikiwa wazi. Ning'iniza uzi wenye nati kwenye ncha ya nje ya kila kioo, tia chaki pale nati inapogusa chini, ondoa gari, pima kati ya alama mbili. Bandika namba hiyo kwenye dashibodi. Ikizidi hata sentimita moja, kaa kulia nyuma ya malori.

Na wewe mwenye kagari kembamba, usitembee ubavuni mwa lori. Baki nyuma yake kidogo mpaka upate nafasi ya kulipita moja kwa moja. Fuata mistari ya njano. Ile myeupe ya zamani haina kazi hapo. Anayekuwashia taa nyuma ili umpishe haraka, mwache awashe.