Fremu ya zamani Galesburg: mwenye jengo anataka kung'oa nakshi za juu

Mama Mawese
Wakuu, salamu. Niko Galesburg, Illinois, Marekani, nimepata fremu katikati ya mji, nitauza unga, dagaa na mawese. Jengo la matofali, ghorofa moja juu, jembamba mbele lakini refu kwenda nyuma. Kule juu kuna nakshi za mawe zimeanza kutu. Mwenye jengo anataka kuzing'oa, kisha ajaze saruji kati ya matofali. Hivi jiwe linapataje kutu?

Fundi wa Chokaa
Dadangu, hilo bati. Peleka sumaku uone. Kuanzia miaka ya 1880 kina Mesker, ndugu waliokuwa na viwanda St. Louis na Evansville, walituma katalogi kwa posta hadi miji midogo kabisa. Mwenye duka anachagua nguzo, madirisha, pambo la ukingo wa paa. Vinakuja kwa treni, mafundi wa pale pale wanafunga. Anapata sura ya jiwe la kuchonga kwa bei ya bati. Mjanja! Inama uangalie chini ya nguzo za chuma mlangoni, huenda jina la kiwanda lipo. Hizo nguzo zinabeba ukuta wa juu, ndiyo maana dirisha la duka likaweza kuwa kioo kitupu. Kutu inasuguliwa, inapigwa rangi. Zising'olewe.

Saruji ndiyo inayonitisha. Mimi ni wa Lamu, chokaa nimeikuta kwa babu. Tofali la zamani laini linataka chokaa laini, unyevu upate pa kutokea. Ukijaza saruji ngumu, maji yanabaki ndani ya tofali, baridi ya Januari inayagandisha, uso wa tofali unabanduka. Wala wasilipulizie mchanga eti wanasafisha.

Karani wa Peoria
Mwenye jengo mwambie habari ya pesa, atasikia. Jengo likithibitishwa kuwa la kihistoria na ni la biashara, serikali kuu humpunguzia kodi ya mapato kwa 20% ya gharama za ukarabati zinazokubalika. Ila viraka vidogo havihesabiwi, na aombe kabla hajang'oa kitu.

Mama Mawese
Sumaku imenasa! Na vile vioo vya mistari juu ya mlango, vilivyozibwa kwa mbao, nivifanyeje?

Fundi wa Chokaa
Kama ni prizimu, una bahati. Zinapinda mwanga wa jua uingie mpaka nyuma ya duka. Toa mbao taratibu, osha kwa maji na sabuni tu.