Je, nigawane oda kubwa ya sare za shule na mshonaji ninayeshindana naye?

Mshonaji wa Msamvu
Ndugu zangu, nina ofisi ndogo ya ushonaji hapa Morogoro, yenye cherehani mbili na kijana mmoja ninayemlipa kwa kila nguo anayoimaliza. Shule moja ya binafsi imeniomba nishone sare za wanafunzi wapya, yaani mashati mawili na sketi au suruali mbili kwa kila mtoto, na inazihitaji kabla ya masomo kuanza Januari. Peke yangu sitazimaliza. Mlango wa tatu kutoka kwangu yupo mama mmoja mwenye mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo zisifumuke, na mafundi watatu, ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukinyang'anyana wateja, na sasa amenitumia ujumbe kwamba yuko tayari tugawane kazi. Wakati huohuo, mafundi wengine wa mtaani wanataka sote tukubaliane bei moja ya kushona shati, asiwepo wa kushusha. Je, mambo haya mawili yana usalama, au mwakani nitakuta shule imehamia kwa jirani yangu moja kwa moja?

Seremala wa Keko
Dada, huku kwetu Keko hakuna seremala mdogo anayefanya kila kitu mwenyewe. Mbao zangu hupigwa randa kwa mwenye mashine, ambaye naye anauza vitanda kama mimi. Fremu ya sofa naiunda mimi, na kitambaa huwambwa na fundi mwingine. Mteja haendi kwao, kwa sababu aliyempima sebule, aliyempelekea mzigo na anayepigiwa simu mguu wa kiti ukilegea ni mimi. Basi vipimo vya watoto vichukue mwenyewe pale shuleni, na nguo zote zipitie mezani kwako kabla ya kupelekwa. Jirani yako akitaka kukupokonya shule hiyo, atajaribu hata kama hukumpa kazi.

Bibi Sindano, Arusha
Nimeshona sare muda mrefu, na ningependa tuzungumzie kazi yenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa. Msigawane kwa idadi ya wanafunzi. Mkifanya hivyo, mtapata mashati ya kola za aina mbili na sketi ambazo marinda yake hayalingani, na mwalimu mkuu ataliona hilo siku ya kwanza watoto wakipanga mstari. Gawaneni kwa nguo: mmoja ashone mashati yote, mwingine sketi na suruali, na kwa kuwa ovaloki iko kwake, sketi na suruali zinamfaa yeye. Kitambaa chote cha tetroni kinunuliwe kwa mara moja, duka moja, na mfungue majora mkiwa juani kabla ya kulipa, kwa sababu bluu ya jora la leo na ya jora la wiki ijayo hutofautiana hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ileile. Kila aina ya nguo iwe na mkataji mmoja tu. Vishikizo na zipu nunueni pamoja kwa jumla. Hapo faida yenu itaonekana hata kabla ya cherehani kuanza kuzunguka.

Mhasibu wa Mtaa
Naongeza mambo mawili. La kwanza ni risiti. Ukiikatia shule risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ya fedha zote, mauzo hayo yote yatahesabiwa kuwa yako, na kwa mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kulingana na mauzo, utajikuta unalipia fedha iliyokwenda kwa mwenzako. Iombeni shule itoe oda mbili, moja ya mashati na nyingine ya sketi na suruali, kila mmoja akate risiti yake. La pili ni hiyo bei ya mtaa: msiikubali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei kwa makubaliano, na pia kupangiana nani ashinde zabuni. Kununua kitambaa pamoja na kugawana kazi iliyozidi uwezo wa mmoja ni jambo jingine kabisa.

Mwana wa Changamwe
Huku Mombasa ushirika wa wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, upo tangu mwaka 1963, na kila mchongaji bado ni mtu wa kujitegemea. Kwa maoni yangu, watu hugombana wanapochanganya mfuko wa fedha kabla ya kujuana. Anzeni na oda hii tu. Hayo ya kikundi yatakuja baadaye, yakija.

Mshonaji wa Msamvu
Nashukuruni. Ile hoja ya oda mbili mwanzoni ilinitia wasiwasi, kwa kuwa inamfikisha jirani yangu kwa mhasibu wa shule, lakini Seremala amenitoa hofu, na kulipia kodi fedha isiyo yangu sitaki. Mashati nitashona mimi, na yeye atashona sketi na suruali. Tumeandika kwenye karatasi, tukasaini sote, kwamba vipimo nitachukua mimi, kwamba nguo yenye kasoro itarudi kwa aliyeishona bila malipo ya ziada, na kwamba atakayechelewa atamlipa mwenzake gharama ya kibarua wa kusaidia. Kuhusu bei ya mtaa, nimewajibu kwamba sitaingia. Kilichobaki ni malipo ya awali: shule inataka kutoa theluthi, nasi tunahitaji nusu ili kitambaa chote kinunuliwe mara moja, kama Bibi Sindano alivyoshauri. Kesho tunakwenda shuleni wote wawili kuliomba hilo.